Peku, Katambuga na Raba: Historia ya Dhana ya "Mbio za Asili" katika Riadha ya Afrika Mashariki

Ikisiri

Tangu mwaka 2009, mjadala wa kimataifa kuhusu kukimbia bila viatu, au kwa viatu vya soli nyembamba, umeitumia Afrika Mashariki kama ushahidi wake mkuu. Mkimbiaji wa nyanda za juu za Kenya na Ethiopia huonyeshwa kama mtu aliyehifadhi mwendo ambao jamii za viwanda zimeupoteza. Makala haya yanaifuatilia dhana hiyo kihistoria, kuanzia hadhi ya kiatu katika pwani ya Waswahili ya karne ya 19, kupitia ushindi wa Abebe Bikila mwaka 1960, hadi tafiti za kibayolojia za miaka ya 2010 na 2013. Yanadai kuwa istilahi "mbio za asili" imeunganisha mambo matatu ambayo historia inayatenganisha: namna ya kukanyaga, aina ya kiatu na ukosefu wa kiatu. Mkanganyiko huo una athari katika sera za michezo ya shule na afya ya watoto. Makala yanahitimisha kwa mapendekezo ya istilahi na ya sera.

1.0 Utangulizi

Neno "wayo" katika Kiswahili lina maana mbili zinazokaribiana. Ni sehemu ya chini ya mguu, na katika wingi wake, "nyayo", ni alama inayobaki ardhini baada ya mtu kupita. Maana hizo mbili zinafaa kuwa mlango wa mada hii. Katika miongo miwili iliyopita, watafiti wa mwendo wa binadamu wameuchunguza wayo wa kwanza, ule wa nyama na mfupa, kwa mizani na kamera za kasi. Nyayo za pili, yaani njia ambayo kiatu na miguu mitupu zimepita katika historia ya eneo hili, zimeachwa bila kufuatiliwa.

Swali linaloongoza makala haya ni hili: pale inaposemwa kuwa watu wa Afrika Mashariki hukimbia "kiasili", ni asili ipi inayotajwa? Swali si la wanaisimu peke yao. Maofisa wa elimu huamua iwapo watoto washindane peku au wavae raba. Maofisa wa afya huendesha kampeni za kuwavisha watoto hao hao viatu. Wauzaji wa viatu nao wameigeuza picha ya mtoto anayekimbia peku kuwa tangazo. Makundi haya matatu hutumia maneno yanayofanana kwa makusudi yanayopingana, na hapo ndipo mtaalamu wa lugha anapopata kazi.

2.0 Kiatu kama hadhi: pwani na bara kabla ya uhuru

Msamiati wa Kiswahili unathibitisha kwamba miguu ya watu wa eneo hili haikuwa mitupu siku zote. Pwani ilijua makubadhi ya ngozi na mitalawanda ya mbao. Ndara zina gidamu, na neno hilo gidamu limehamia baadaye hata kwenye kamba za viatu vya kisasa. Bara ilikuwa na viatu vya ngozi vya wafugaji, na baada ya kuenea kwa magari, matairi yaliyochakaa yalizaa kiatu kinachoitwa katambuga nchini Tanzania na akala nchini Kenya. Jina la katambuga linajieleza: ni kiatu cha kukata mbuga, cha mtu mwenye safari ndefu kwenye miiba.

Hata hivyo, si kila mtu aliruhusiwa kuvaa. Fair (2001) anaonyesha kuwa katika Zanzibar ya karne ya 19, viatu na kofia vilikuwa alama za uungwana, na mtumwa hakutarajiwa kuvaa kimojawapo mbele ya waungwana. Baada ya amri ya kukomesha utumwa ya mwaka 1897, waliokuwa watumwa walibadilisha mavazi yao ili kuutangazia mji hadhi yao mpya. Kwa mtu wa namna hiyo, kwenda peku hakukuwa kurudi kwenye maumbile. Kulikuwa kurudi utumwani.

Ukoloni uliendeleza mpangilio huo kwa sura nyingine. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, askari wengi wa King's African Rifles na wapagazi waliowafuata walitembea mamia ya kilomita bila viatu, ilhali maofisa wao walivaa buti. Hapa pia miguu mitupu ilikuwa uamuzi wa mtu mwingine, uliofanywa kwa sababu za bajeti na za ubaguzi.

Mazingira yenyewe nayo hayakubaki yale yale. Funza, au tekenya, hakuwapo Afrika kabla ya nusu ya pili ya karne ya 19. Aliletwa Angola kutoka Brazili kwa meli mwaka 1872, akasafiri na misafara ya biashara hadi akafika pwani ya mashariki kabla ya karne hiyo kwisha. Kwa hiyo ardhi aliyokanyaga mtoto wa mwaka 1900 haikuwa ile aliyokanyaga babu yake. Kilichokuwa salama kwa kizazi kimoja kilikuwa kimeanza kulemaza vidole vya kizazi kilichofuata. Anayetaka kuzungumzia "asili" ya kutembea peku hana budi kueleza kwanza anazungumzia ardhi ya mwaka gani.

3.0 Kutoka White City hadi Tokyo: peku mbele ya kamera

Riadha ya kisasa iliingia katika historia hii ikiwa imebeba maana hizo zote. Mwaka 1954, Wakenya Lazaro Chepkwony na Nyandika Maiyoro walishindana katika uwanja wa White City, London. Chepkwony alikimbia peku mbele ya watazamaji Waingereza waliokuwa hawajazoea kumwona mkimbiaji Mwafrika kutoka mashariki mwa bara hili.

Tukio lililoifanya miguu mitupu kuwa hadithi ya dunia lilitokea miaka sita baadaye. Tarehe 10 Septemba 1960, Abebe Bikila, askari wa kikosi cha ulinzi wa Mfalme Haile Selassie, alishinda mbio za marathoni za Olimpiki mjini Rome kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16. Alimaliza usiku, kwenye Tao la Konstantino, bila viatu. Rome ilikuwa mji mkuu wa dola iliyoivamia Ethiopia mwaka 1935, na magazeti hayakuchelewa kuona maana ya ushindi huo.

Masimulizi yanayokubalika zaidi kuhusu sababu ya Bikila kukimbia peku ni ya kawaida kabisa. Viatu vyake vya zamani vilikuwa vimechakaa, na vipya alivyopata Rome vilimbana na kumchubua. Yeye na kocha wake, Msweden Onni Niskanen, walijua kwamba alikuwa amefanya mazoezi kwa viatu na bila viatu, wakachagua njia isiyo na malengelenge. Miaka minne baadaye, mjini Tokyo, Bikila alishinda tena. Alikuwa amefanyiwa upasuaji wa kidole tumbo wiki chache tu kabla ya mashindano, na safari hii alivaa viatu. Muda wake ulikuwa saa 2, dakika 12 na sekunde 11, yaani dakika tatu na ushei chini ya ule wa Rome.

Jambo la kuzingatia ni namna kumbukumbu ilivyochagua. Picha ya Rome imechapishwa mara nyingi kuliko ya Tokyo, ingawa Bikila wa Tokyo alikuwa na kasi zaidi. Mtu aliyefanya uamuzi wa kiufundi kuhusu kiatu kisichomfaa amekumbukwa kama mtu asiyejua kiatu.

Wenye kudhani kuwa kukimbia peku kulikuwa jambo la Waafrika weusi wana mifano ya kuwasahihisha. Mwingereza Bruce Tulloh alishinda mita 5,000 katika mashindano ya Ulaya mjini Belgrade mwaka 1962 akiwa peku. Zola Budd, binti Mzungu wa Afrika Kusini aliyekimbia kwa uraia wa Uingereza, alijulikana kwa miguu yake mitupu na alikuwa bingwa wa dunia wa mbio za nyika mwaka 1985 na 1986. Peku yao ilielezwa kama mbinu au mazoea ya mtu binafsi. Peku ya Bikila ilielezwa kama sifa ya bara zima. Tofauti hiyo haikutokana na miguu yao. Ilitokana na lugha iliyotumiwa kuwaeleza.

4.0 Kiatu chenye mto na uasi dhidi yake

Wakati Afrika Mashariki ilipokuwa ikizalisha mabingwa, kiatu cha mbio kilikuwa kikibadilika kwingineko. Bill Bowerman, kocha wa Chuo Kikuu cha Oregon, alijifunza mazoezi ya kukimbia taratibu kutoka kwa Arthur Lydiard wa New Zealand mwanzoni mwa miaka ya 1960, akayaeneza Marekani, kisha akashiriki kuanzisha kampuni iliyochukua jina la Nike mwaka 1971. Ushindi wa Frank Shorter katika marathoni ya Munich mwaka 1972 ulichochea wimbi la Wamarekani wa kawaida kuingia barabarani. Wengi wao walikuwa watu wazima wa maofisini, na viatu walivyouziwa viliongezwa mpira laini, hasa chini ya kisigino. Kisigino cha kiatu cha kawaida cha mazoezi kikawa juu ya sehemu ya vidole kwa takriban milimita 10 hadi 12.

Mto huo ulimwezesha mtu kutua kwa kisigino bila maumivu ya papo hapo. Anayekimbia peku juu ya lami akitua kwa kisigino hupata adhabu yake katika hatua ya kwanza. Mwenye soli nene haisikii. Uasi dhidi ya kiatu hicho ulianzia hapo. Robert Fliri wa Italia alibuni kiatu chenye vidole vitano ambacho kampuni ya Vibram ilianza kukiuza katikati ya miaka ya 2000. Mwaka 2009 mwandishi Christopher McDougall alichapisha Born to Run, kitabu kuhusu Wararámuri wa Mexico, wanaokimbia milimani kwa kandambili za ngozi au za mpira wa tairi. Kiatu hicho kina undugu wa karibu na katambuga, ingawa wasomaji wa Marekani walikipokea kama ugunduzi.

Sayansi ilifuata mwaka 2010. Daniel Lieberman wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake walichapisha katika jarida la Nature ulinganisho wa wakimbiaji wa Marekani na wa Bonde la Ufa nchini Kenya. Waliona kwamba waliozoea kukimbia peku mara nyingi hutua kwa sehemu ya mbele ya wayo, au kwa wayo mzima, kabla ya kisigino kugusa ardhi. Kwa namna hiyo, ule mshtuko wa ghafla unaoonekana kwa mtu anayetua kwa kisigino karibu hutoweka. Waandishi walikuwa waangalifu: hawakusema kwamba utafiti wao umethibitisha kupungua kwa majeraha. Uangalifu huo haukuvuka salama hadi kwenye matangazo.

5.0 Ushahidi uliokuja baadaye

Miaka michache iliyofuata ilirekebisha picha hiyo kwa njia tatu.

Kwanza, ilionekana kuwa si kila anayekimbia peku hutua kwa mbele. Hatala na wenzake (2013) waliwapima watu wazima 38 wa jamii ya Wadaasanach, kaskazini mwa Kenya, ambao hawavai viatu maishani mwao. Katika kasi waliyoichagua wenyewe kwa mbio za masafa marefu, takriban asilimia 72 ya hatua zao zilitua kwa kisigino; kasi ilipoongezeka, mtuo wa kati na wa mbele uliongezeka. Nchi moja ya Kenya, basi, ilitoa majibu mawili. Kasi, ardhi na mazoea ya kukimbia vina uzito, na hakuna "mkimbiaji peku wa Kiafrika" mmoja anayewakilisha wote.

Pili, ilionekana kuwa namna ya kutua haiondoi mzigo, huuhamisha. Utafiti wa Daoud na wenzake (2012) kuhusu wakimbiaji 52 wa mbio za nyika wa chuo cha Harvard ulionyesha kuwa waliotua kwa kisigino walipata majeraha ya kujirudia kwa kiwango kinachokaribia mara mbili ya wale waliotua kwa mbele. Lakini mtuo wa mbele huongeza kazi ya shavu la mguu na ya kano ya kisigino. Mtu ambaye kano zake zimezoea kiatu kirefu kwa miaka 30 hawezi kuzibadilisha kwa wiki mbili.

Tatu, kuharakisha mabadiliko kulileta madhara. Ridge na wenzake (2013) waliwafuatilia wakimbiaji wazoefu waliohamia viatu vya vidole vitano kwa wiki 10, wakakuta dalili za uvimbe katika uboho wa mifupa ya mguu zikiwa zimeongezeka kuliko kwa wale waliobaki na viatu vyao. Mguu mmoja una mifupa 26, na mifupa hujiimarisha polepole. Mwenda pole hajikwai, walisema wahenga, na hapa msemo huo unaafikiana na picha za maabara.

Soko nalo lilipinduka. Mwaka 2014 Vibram ilikubali kulipa dola milioni 3.75 kumaliza kesi ya Marekani iliyohusu madai ya kiafya katika matangazo yake, bila kukiri kosa. Kufikia mwaka 2017 mjadala ulikuwa umehamia kwenye viatu vya soli nene vyenye bamba la kaboni. Eliud Kipchoge alivaa viatu vya aina hiyo mjini Vienna tarehe 12 Oktoba 2019, alipokimbia umbali wa marathoni kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40 katika tukio lisilohesabiwa kuwa rekodi. Mwaka 2020 shirikisho la riadha duniani lililazimika kuweka kikomo cha unene wa soli, milimita 40 kwa mbio za barabarani. Katika muda wa miaka kumi, mkimbiaji yule yule wa Bonde la Ufa alikuwa ametumiwa kuuza kiatu kisicho na soli na kiatu chenye soli kuliko vyote.

6.0 Kilicho hatarini: Elgon kama mfano

Miteremko ya mlima Elgon, upande wa Uganda, inaonyesha kwa nini mjadala huu hauwezi kuachiwa wauzaji. Kapchorwa ni nyumbani kwa Stephen Kiprotich, bingwa wa marathoni wa Olimpiki ya London 2012, na Joshua Cheptegei, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 5,000 mwaka 2020. Eneo hilo la nyanda za juu za kaskazini-mashariki mwa Uganda pia limeandikwa katika fasihi ya tiba kwa ugonjwa wa podokoniosisi: miguu huvimba na kuwa kama ya matende, si kwa sababu ya mbu wala minyoo, bali kwa kukanyaga peku udongo mwekundu wa volkano kwa miaka mingi. Ethiopia, nchi ya Bikila, ni miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi, na Rwanda nayo ina wagonjwa. Kinga yake inajulikana: viatu, tena tangu utotoni, pamoja na kuosha miguu.

Udongo ule ule, basi, umebeba mabingwa na wagonjwa. Mtoto wa Elgon anayekwenda shule peku anaweza kweli kuwa na wayo imara na hatua nyepesi. Anaweza pia kuwa katika mwaka wa kumi wa safari ya kuelekea ulemavu. Mshauri wa sera anayesoma tu fasihi ya mbio anaweza kuona hakuna haraka ya kumnunulia kiatu. Anayesoma tu fasihi ya tiba anaweza kumnunulia kiatu chochote, kizito na chenye kisigino kirefu, na kudhani amemaliza kazi. Wote wawili wamepotoshwa na neno moja, "asili", lililofungasha mtuo, kiatu na umaskini katika furushi moja.

7.0 Mapendekezo

Kwanza, istilahi. Inapendekezwa kuwa maandishi ya Kiswahili kuhusu riadha yaache "mbio za asili" kama jina la kitaalamu na yatumie maneno matatu yasiyochanganywa. "Mtuo" liwe jina la namna wayo unavyokutana na ardhi, likiwa na aina zake: mtuo wa kisigino, mtuo wa kati na mtuo wa mbele. "Mbio peku" ziwe mbio zinazokimbiwa bila kiatu kwa hiari na kwa mpango. "Kiatu cha soli nyembamba" kiwe kiatu bapa, chepesi na kinachokunjika, pasipo kudai kuwa ni cha asili au cha kigeni. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ina nafasi ya kuyapima mapendekezo haya pamoja na vyama vya riadha vya nchi wanachama.

Pili, sera ya shule. Ukosefu wa kiatu usielezwe katika hati yoyote ya michezo kuwa ni faida. Mahali penye funza au udongo wa volkano, kiatu cha kutembelea kila siku ni suala la afya na litangulie hoja ya mbio. Kwa kuwa mtoto hahitaji mto mnene ili kujifunza kukimbia, kiatu kinachonunuliwa kwa fedha za umma kinaweza kuwa bapa, chenye nafasi ya vidole na cha bei nafuu.

Tatu, mafunzo ya makocha. Mwendo hufundishwa: hatua fupi na za haraka, mguu kutua karibu na chini ya mwili badala ya mbele sana, kiwiliwili kilichonyooka. Mazoezi ya peku yana nafasi yake kwenye nyasi safi zilizokaguliwa, kwa dakika chache, yakiongezwa kwa miezi na si kwa siku. Mwanafunzi asiye na maumivu asilazimishwe kubadilisha mtuo wake kwa sababu ya mtindo.

8.0 Hitimisho

Historia ya wayo mtupu katika Afrika Mashariki ni historia ya waliokatazwa viatu, wasioweza kuvinunua, waliovichagua na walioviacha kwa muda kwa sababu vilibana. Bikila alikuwa wa kundi la mwisho usiku mmoja wa mwaka 1960, na la tatu mwaka 1964. Kuwaweka wote chini ya neno "asili" ni kuwanyima uamuzi wao, na ni kuwanyima watoto wa leo kiatu wanachokihitaji. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi: kidole kilichojikwaa hupona kwa siku chache, lakini neno lililokwazwa katika waraka wa sera huendelea kuumiza miguu ya watu ambao hawakuuandika.